Cheti Mkononi, Funguo kwa Mwingine

Julai 1847, makamishna waliosimamia misaada ya maskini huko Uingereza walitoa amri ya jumla iliyoingia katika kila pembe ya nyumba za kazi, yale majengo ambamo maskini, wagonjwa, yatima na wazee wasio na mtu waliwekwa kwa gharama ya walipa kodi. Amri ilieleza nani atenganishwe na nani, chakula kipimwe vipi, milango ifungwe saa ngapi na funguo akabidhiwe nani. Ilipofika kwenye elimu ya mkuu wa nyumba haikuwa na maneno mengi: asishike kazi hiyo mtu asiyeweza kutunza hesabu. Kumgeuza mzee aliyelala miezi mitatu ili asiote vidonda, kutambua kama anayeweweseka usiku ana homa au amepoteza kumbukumbu, kumwambia binti kwamba mama yake hatapona, hayo hayakuhesabiwa kuwa elimu. Historia ya kuwaandaa wakuu wa nyumba za wazee nchini humo mara nyingi husimuliwa kama safari ya kutoka kwa msimamizi mkali asiyejua kitu hadi kwa meneja mwenye stashahada. Masimulizi hayo yana ukweli wake, ila yanaficha jambo ambalo ushahidi wa karibu miaka mia mbili unalirudia: anayejua namna ya kumtunza mzee na anayeamua kuhusu chakula, watumishi na fedha hawakuwahi kuwa mtu mmoja kwa muda mrefu. Mafunzo yaliongezwa mara kadhaa, na kila yalipoongezwa mamlaka yalikuwa yamekwisha kuhamia kwingine.

Kwa nini hesabu? Sheria ya Maskini ya 1834 iliunganisha parokia katika majimbo ya misaada, kila jimbo likawa na bodi ya wadhamini waliochaguliwa na walipa kodi wenyewe, na lengo lililotangazwa lilikuwa kwamba maisha ya ndani ya nyumba yasiwe na nafuu kuliko ya kibarua maskini kabisa aliye nje. Mlipa kodi aliogopa mambo mawili, kuibiwa na kudekeza, na mkuu wa nyumba aliajiriwa kwa ajili ya hofu hizo mbili. Huko Andover, mji mdogo wa Hampshire, kazi ilipewa askari mstaafu aliyepigana Waterloo. Wanaume wa nyumba ile walipewa kazi ya kuponda mifupa kwa vyuma vizito ili iuzwe kuwa mbolea, na mwaka 1845 ikabainika kwamba njaa iliwafanya wagombee mifupa yenye uboho na vipande vya nyama vilivyooza, kwa kuwa posho yao ya chakula, ambayo tayari ilikuwa ndogo, mkuu alikuwa akiipunja. Kuponda mifupa kulipigwa marufuku, Bunge likaunda kamati mwaka 1846, na mwaka uliofuata makamishna wenyewe wakaondolewa, nafasi yao ikachukuliwa na bodi mpya. Fundisho lililotolewa katika kashfa ile lilikuwa la mizani na daftari. Mlaji alikuwa na haki ya kudai chakula chake kipimwe mbele yake. Haikumjia mtu yeyote mwenye cheo kwamba askari yule, hata angekuwa mwaminifu kama malaika, hakuwa na ujuzi wowote wa kuishi na wazee na wagonjwa.

Kazi yenyewe ilitolewa kwa mume na mke kama mkataba mmoja, mume akiwa mkuu na mke akiwa matroni, cheo ambacho msomaji aliyepita shule za bweni za kwetu anakifahamu vyema. Amri ilikwenda mbali hadi kusema kwamba mmoja wao akifa, akijiuzulu au akifukuzwa, kazi ya mwenzake nayo inakoma robo ya mwaka inapokwisha. Mjane alizika, akafunga mizigo. Utaratibu huo uliwapa wadhamini watumishi wawili kwa nyumba moja na jiko moja, na uliacha alama iliyodumu kuliko sheria iliyouzaa, kwa sababu hadi miaka ya 1960 halmashauri nyingi za Uingereza bado ziliajiri wanandoa kuendesha nyumba za wazee. Dhana iliyojificha humo ni kwamba kuendesha nyumba ya watu mia mbili ni kama kuendesha ya watu wanane: mume ashike mlango na daftari, mke ashike shuka na jiko, na busara ya kawaida itatosha.

Dhana hiyo ilipingwa mapema, na namna ilivyopingwa ndiyo ushahidi wangu wa kwanza. Mwaka 1865, kwa fedha za mfanyabiashara William Rathbone, Agnes Jones, aliyesomea uuguzi katika shule ya Florence Nightingale, alipelekwa Liverpool pamoja na wauguzi 12 wenye mafunzo kwenye hospitali ya nyumba ya maskini ya Brownlow Hill, yenye wagonjwa zaidi ya elfu moja. Hadi hapo wagonjwa walikuwa wakihudumiwa na maskini wenzao, baadhi yao walevi waliokunywa hata dawa za wagonjwa. Jones alibadilisha wodi zile, lakini alifanya hivyo akizozana na mkuu wa nyumba juu ya swali moja lisilokwisha: muuguzi akikosea, nani ana haki ya kumkemea, na akihitaji shuka, nani anafungua stoo? Alifariki Februari 1868 kwa homa ya taifasi akiwa na miaka 35. Karibu miaka 30 baadaye, amri ya 1897 ilikataza maskini kuwauguza wenzao na ikataka nyumba yenye wauguzi watatu au zaidi iwe na muuguzi msimamizi aliyesoma miaka mitatu. Hapo elimu iliingia rasmi, lakini juu ya msimamizi yule aliwekwa matroni yule yule ambaye sifa yake huenda ilikuwa kuolewa na mkuu. Ugomvi wa matroni na muuguzi msimamizi ukawa jambo la kawaida katika nyumba hizo, na wapo waliouandika kama wivu wa wanawake wawili. Mimi nauona kuwa matokeo ya amri iliyompa mmoja elimu na kumwachia mwingine stoo.

Bodi za wadhamini zilivunjwa mwaka 1930, halmashauri zikarithi majengo. Mwaka 1948 Sheria ya Usaidizi wa Taifa ilitangaza mwisho wa Sheria ya Maskini, na waziri wa afya, Aneurin Bevan, akazungumzia nyumba ndogo za wazee ambamo mkazi atalipa kodi yake kutoka kwenye pensheni na kuishi kama wenye uwezo wanavyoishi hotelini. Wazo lilikuwa jema. Lakini anayeingia hotelini hujivisha, hujiendea chooni na huondoka akichukizwa, na kwa hiyo wazo la hoteli lilifuta kimyakimya haja ya kumfundisha mwenye hoteli. Sheria ilizipa halmashauri wajibu wa kutoa makazi na haikuweka sifa yoyote ya elimu kwa atakayeyaendesha. Miaka kumi baadaye mwanasosholojia Peter Townsend alizuru nyumba 173 za Uingereza na Wales, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1962 kwa jina la The Last Refuge, yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya wazee walio chini ya halmashauri walikuwa bado ndani ya majengo ya zamani ya maskini, mara nyingi chini ya watumishi waliojifunza kazi katika utaratibu wa zamani. Townsend hakuishia kuhoji. Katika nyumba moja alifanya kazi ya mhudumu, akiwaogesha wazee. Picha alizopiga zinaonyesha vitanda vilivyobanana kiasi kwamba hakuna mahali pa kuweka kabati, na viti vimepangwa kuzunguka ukuta, kila mzee akimtazama aliye ng'ambo bila neno.

Hapa huja pingamizi la kwanza, na ni zito kwa sababu linatoka kwa watu wanaoijua kazi. Husemwa kwamba kinachofanya nyumba iwe njema ni utu wa anayeiongoza. Kwamba mama mwenye huruma aliyelea wanane hahitaji kufundishwa. Kwamba vyeti huleta watu wa karatasi. Msomaji wa Pwani au wa Bara, aliyekua akiona bibi akitunzwa na wakwe na wajukuu bila cheti chochote, ataelekea kukubali. Lakini Townsend aliwakuta matroni wengi wema, na wema wao haukuwazuia kuwaamsha wazee mapema mno, kuwapangia siku ya kuoga na kuwaweka viti vyao ukutani, kwa sababu hawakuwahi kuona namna nyingine ya kupanga siku ya watu hamsini. Mjukuu anamtunza mtu mmoja ambaye amemjua maisha yake yote. Mkuu wa nyumba anawatunza wageni kwa wingi, kupitia mikono ya watu wengine wanaobadilishana zamu, na makosa yake hayaonekani kwake. Anayeandika ratiba inayoacha wahudumu wawili usiku kwa wazee thelathini ameamua kwamba kuna mtu atakaa kwenye shuka lililolowa hadi alfajiri, ingawa angemwona kwa macho yake angelia. Huruma haimfundishi kusoma ratiba hiyo.

Mwaka 1967 kamati iliyoongozwa na Gertrude Williams ilichapisha ripoti juu ya watumishi wa nyumba za makazi za kila aina, ikaeleza kwamba walio wengi hawakuwa na mafunzo yoyote ya kazi yao, kwamba waliishi humo humo kazini na kufanya saa zisizo na mpaka, na ikataka kozi maalumu kwa ajili yao. Ilikuwa nafasi nzuri, na ilipotea kwa sababu ambazo hazikuwa mbaya. Ripoti ya Seebohm ya 1968 ilipendekeza idara za ustawi za halmashauri ziunganishwe, na baraza jipya la elimu ya kazi za jamii, lililoanza mwaka 1971, likaamua kwamba kazi katika nyumba za wazee na kazi ya ofisa anayetembelea familia ni taaluma moja. Kwa maneno ilikuwa heshima. Kwa vitendo, mtumishi wa nyumba aliyepata cheti alikuta kwamba cheti kile kile kinamfungulia kazi ya ofisini, yenye mshahara bora, isiyo na zamu ya usiku wala Krismasi. Akaenda. Kilichobaki kwa mkuu wa nyumba ni mafunzo ya siku chache na uzoefu, huku uamuzi wa nani apokewe na watumishi wangapi waajiriwe ukipanda makao makuu ya halmashauri. Mkuu wa miaka ya 1970 alikuwa na madaraka madogo kuliko yule wa 1847, ambaye angalau alishika funguo zake.

Kisha fedha zikabadili kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanuni za posho ya serikali zilirekebishwa kiasi kwamba mzee asiye na uwezo aliweza kulipiwa ada ya nyumba binafsi na hazina ya taifa bila mtu kuuliza kama kweli alihitaji kuhamia humo. Mwaka 1979 malipo ya aina hiyo yalikuwa takriban pauni milioni 10. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalizidi bilioni moja. Nyumba za kulala wageni katika miji ya ufukweni zikageuzwa kuwa nyumba za wazee. Sheria ya Nyumba Zilizosajiliwa ya 1984 ilizipa halmashauri uwezo wa kumkataa mwombaji asiyefaa, lakini haikumtaka mwenye kufaa awe amesoma chochote. Isidhaniwe kwamba upande wa umma ulikuwa salama zaidi. Mwaka 1987 uchunguzi ulifichua mateso na wizi dhidi ya wazee katika nyumba ya halmashauri huko Southwark, London, iliyoitwa Nye Bevan Lodge, kwa heshima ya waziri yule wa hoteli. Ripoti ya Gillian Wagner ya 1988 ilisema kinagaubaga kwamba kuhamia nyumba ya makazi kuwe chaguo jema la mtu mwenyewe, na kwamba wakuu wa nyumba wawe na sifa za kitaaluma. Ilipokewa kwa makofi. Serikali ya wakati huo ilishughulika zaidi na swali la nani alipe.

Ilichukua miaka 12 mingine. Sheria ya Viwango vya Huduma ya 2000 ilimtaka kila meneja asajiliwe kwa jina lake, tofauti na mmiliki, na viwango vya kitaifa vilivyoifuata vilimtaka awe na angalau miaka miwili ya uongozi katika kazi hiyo na, ifikapo 2005, cheti cha ngazi ya nne katika uongozi na utunzaji, au sifa inayolingana nacho. Kwa mara ya kwanza elimu ya mkuu wa nyumba ilitajwa kwa jina na kwa tarehe. Namna ya kuipata inafaa kutazamwa kwa karibu. Meneja hakukaa darasani kwa muda mrefu; alikusanya ushahidi wa kazi yake mwenyewe katika jalada nene: mihtasari ya vikao, kumbukumbu za mazungumzo na wahudumu, sera aliyoiandika juu ya malalamiko, mpango wa huduma wenye jina la mkazi lililofutwa. Mtathmini alikuja nyumbani, akalinganisha kila karatasi na orodha ya vipengele, akatia saini. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka 20 bila kutambuliwa, njia hiyo ilikuwa ya haki, na wengi walijifunza kweli kwa kulazimika kueleza kwa nini wanafanya wanachofanya. Udhaifu wake ni kwamba ilimpima meneja kwa kile alichoweza kukiandika, na mwisho wa siku jalada lile lilifanana mno na jalada ambalo mkaguzi angelitaka kesho yake. Mafunzo na ukaguzi vikawa vinafundisha jambo moja.

Wamiliki wa nyumba ndogo walilalamika kwamba vyeti vitawafungisha milango, na wapo waliofunga. Malalamiko yao hayakuwa ya bure, ingawa wengi walitaja pia ukubwa wa vyumba na bei ya ardhi kama sababu. Inafaa kukumbuka kilichofuata: serikali ilirudi nyuma kuhusu vyumba kwa nyumba zilizokuwepo, lakini wakati huo haikurudi nyuma kuhusu elimu ya meneja. Kupanua ukuta kunagharimu fedha za mmiliki. Elimu ya meneja ilionekana nafuu, na mwenye kuibeba ni meneja mwenyewe, mara nyingi usiku baada ya zamu. Siamini kwamba hiyo ilikuwa bahati tu.

Pingamizi la pili ni kwamba tatizo lote ni fedha, na mafunzo ni pambo. Wanaolitoa wana ushahidi mkubwa. Kampuni ya nyumba za wazee ya Southern Cross, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini humo, ilijengwa kwa kuuza majengo na kuyapanga upya kwa kodi inayopanda kila mwaka. Mwaka 2011 ilianguka, ikiwa na nyumba takriban 750 na wakazi wapatao 31,000. Nyumba hizo zilikuwa na mameneja waliotakiwa na sheria kusajiliwa. Mikataba ya pango haikuwahi kupita mezani mwao. Mwaka huo huo televisheni ilionyesha wahudumu wakiwatesa wagonjwa wenye ulemavu wa akili katika hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani na sita wakafungwa jela, na mapitio ya kesi yalieleza kwamba kwa muda mrefu hospitali ile haikuwa na meneja aliyesajiliwa. Mtu anaweza kusoma mikasa hiyo miwili kama uthibitisho kwamba kusajili na kufundisha hakusaidii. Mimi naisoma kinyume. Winterbourne View inaonyesha nini hutokea kiti kikiwa wazi, Southern Cross inaonyesha nini hutokea kiti kikiwa na mtu asiye na neno katika fedha, na kati ya mawili hayo hakuna hata moja linalotuambia mtu mwenye elimu na sauti angefanya nini, kwa sababu hajajaribiwa. Wanaosema fedha tu wanasahau pia kwamba mkuu wa nyumba ndiye pekee katika mlolongo mzima anayejua kwa majina nani anakufa njaa ya uangalizi. Mwekezaji hajui. Mkaguzi anakuja kwa nadra.

Masika ya 2020 yalilipima jambo hili kwa ukatili. Hospitali za Uingereza zilitakiwa kupata vitanda kwa ajili ya wagonjwa wa korona, na wazee wakarudishwa kwenye nyumba zao za makazi, wengi bila kupimwa. Mameneja wengi walijua, kwa mafunzo waliyopata juu ya maambukizi, kwamba anayepokewa hana budi kutengwa. Mwongozo wa serikali haukusema hivyo kuhusu wasio na dalili, na Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria kwa kutoshauri watengwe. Meneja aliyekataa kupokea alihitaji zaidi ya elimu. Alihitaji mmiliki anayekubali vitanda vikae vitupu na halmashauri isiyotishia kukatisha malipo.

Wakati huo sheria ilikuwa tayari imelegea. Kanuni zilizofuata Sheria ya Afya na Huduma za Jamii ya 2008, na zile za 2014 zilizozirithi, zinamtaka meneja wa Uingereza awe na sifa, umahiri, ujuzi na uzoefu unaohitajika, bila kutaja cheti hata kimoja. Stashahada ya ngazi ya tano inapendekezwa. Haishurutishwi na kanuni hizo. Na kazi imezidi kuwa ngumu. Tangu Februari 2022, ilipofunguliwa njia ya viza ya wahudumu, hadi Julai 2025 ilipofungwa, wahudumu kwa maelfu waliajiriwa kutoka ng'ambo, wengi wao Waafrika, Wakenya wakiwemo. Kibali cha mhudumu wa aina hiyo kimefungwa kwa mwajiri wake. Mwajiri akipoteza leseni ya kudhamini wageni, mhudumu hupewa kwa kawaida siku 60 kutafuta mwingine. Anayeandika ratiba yake ya usiku ni meneja, na woga wa mhudumu wa kusema kwamba zamu haina watu wa kutosha ni jambo ambalo meneja hana budi ajifunze kulisoma, lakini hakuna mtihani wa lazima unaomuuliza.

Ukivuka daraja la mto Severn kutoka upande wa Bristol na kuingia Wales, mambo yanabadilika ndani ya dakika chache. Huko meneja wa nyumba ya wazee lazima awe kwenye daftari la taaluma yake linalotunzwa na Social Care Wales, awe na sifa inayotambuliwa, na akikiuka maadili anaweza kuondolewa humo na kuzuiwa kuongoza nyumba nyingine. Scotland na Ireland Kaskazini nazo zina madaftari yao. Kampuni moja inaweza kuwa na nyumba pande zote mbili za mto, zenye samani zile zile na ada zinazokaribiana. Meneja wake wa upande wa Wales akiambiwa apunguze mhudumu wa usiku anaweza kujibu kwamba jina lake kwenye daftari liko hatarini. Yule wa Bristol anajibu kwa barua ya kujiuzulu.